Sanamu ya Askari haikuwekwa na Wajerumani

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya mwezi uliopita kuhusu Sanamu ya Askari, pale mtaa wa Samora, Dar es Salaam, imenishinda kuinyamazia. Mliandika kwamba iliwekwa na Wajerumani kuwaenzi askari wao. Si kweli.

Wajerumani waliweka pale sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaing'oa. Hii ya sasa waliiweka wao mwaka 1927, kwa ajili ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Najua kosa linakotoka: wazee wa mji waliendelea kuiita Bismini, yaani Wissmann huyo huyo, hata baada ya mwenye jina kuondolewa. Lakini sanamu za askari hao zipo pia Nairobi na Mombasa. Wajerumani walitawala Mombasa lini?

Kosa hilo nililikuta kwanza kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuihariri. Mjukuu wangu wa darasa la sita alikuwa amelinakili kwenye daftari. Nikamwambia anifungulie ukurasa, tukasahihisha pamoja. Kulipokucha tukakuta masahihisho yetu yametenguliwa, kwa maelezo kwamba hayana chanzo. Tukarudisha, yakatenguliwa tena. Nikaeleza kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba babu yangu mzaa baba alichukuliwa Kisarawe kuwabebea Waingereza mizigo ya vita, akarudi bega moja limeshuka mpaka anaingia kaburini. Nikajibiwa huo ni utafiti binafsi. Sawa, kanuni naielewa. Msomaji wa Mwanza hawezi kuhakiki bega la babu yangu. Basi nikapanda daladala hadi Posta, jua la saa saba, nikapiga picha maandishi yaliyo chini ya sanamu. Yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na wapagazi wametajwa humo waziwazi. Nikaambiwa picha yangu haitoshi, nilete chapisho. Aliponitengua mara ya tatu, huyo mhariri asiyejitaja jina akaweka chanzo chake, na chanzo chenyewe ni gazeti lako! Ni habari ile ile ya mwezi uliopita, ambayo aya yake ya pili imetoka neno kwa neno kwenye kamusi elezo hiyo hiyo, mpaka kosa la chapa, "Wajermani", limehama nayo. Mwandishi wenu amenakili kwao, wao wanawategemea ninyi, na mimi niliyesimama mbele ya sanamu yenyewe nikaisoma ndiye nimeonekana mzushi. Sasa ukurasa umefungwa, na uongo ndio uliobaki ndani.

Na shuleni nako, mtoto akipewa kazi ya historia anaambiwa akatafute mtandaoni, basi. Mimi niliwatembeza wanafunzi kwa miguu hadi Kariakoo nikawaonyesha kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliopiga kambi pale. Walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Leo tunalitamka jina lao kila siku tukienda kununua vitenge, na hakuna anayemwambia mtoto ni jina la nani.

Naomba hivi. Mtume mwandishi pale kwenye sanamu, aende na kalamu, asimame upande wenye Kiswahili, anakili herufi kwa herufi. Kisha mchapishe sahihisho kwenye ukurasa ule ule wa tano uliobeba habari yenu, kwa herufi za ukubwa ule ule, mkitaja mwaka 1927 na wapagazi. Msilifiche kule chini ya matangazo ya vifo. Ukurasa wa kamusi elezo utafunguliwa tarehe 20, na siku hiyo nataka niwe na gazeti lenu mkononi, lenye tarehe na namba ya ukurasa.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam