Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: tunaomba namba tatu ubaoni

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya mazingira,
Nyanda za Juu Kusini.

YAH: MAJITAKA YA KIWANDA CHA KARATASI (MARA YA NNE)

Mheshimiwa, kamwene.

Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua zetu tatu za mwanzo, zote zikiwa na muhuri wa kupokelewa, bila shaka bado zinafanyiwa kazi. Hatulaumu. Karatasi ni nyingi mezani kwako, na huenda baadhi zimetengenezwa hapahapa jirani yetu.

Alfajiri ya Jumamosi iliyopita mto ulishuka na rangi ya uji wa mchele uliochacha. Saa mbili asubuhi povu lilikuwa limefika magotini chini ya daraja la waenda kwa miguu, na harufu yake ilikuwa ile ya pombe ya kienyeji iliyosahaulika kwenye pipa. Maji yalipopungua jioni, matete ya kingo zote mbili yalibaki yamevikwa kitu cha kijivu. Kikikauka unakibandua kama ganda. Ukikichana polepole unaona nyuzi fupifupi zikijitokeza kwenye mpasuko. Hizo ni nyuzi za karatasi, Mheshimiwa. Afisa aliyetumwa Jumatatu alituambia ni mwani wa kiangazi. Tunamheshimu, lakini mwani tunaoujua hapa ni wa kijani, na hatujawahi kuona mwani wenye vipande vya selotepu.

Tulio nyuma ya barua hii tunaijua mitambo ya karatasi na ya maji, kwa hiyo turuhusu tukueleze kinachotokea kule ndani, maana ziara yako ya dakika arobaini iliishia kwenye mashine ya kukaushia, penye joto zuri na mwanga wa picha.

Kiwanda hiki hakipiki magogo. Kinasaga maboksi chakavu. Maboksi yanatumbukizwa kwenye palpa, yaani blenda kubwa, yakiwa kilo nne kwa kila kilo mia za mchanganyiko. Zinazobaki ni maji. Plastiki, pini na gundi vinachujwa, kisha ule ujiuji unamwagwa kwenye wavu wa mashine, maji yanachuruzika, karatasi inabaki juu. Maji yaliyochuruzika mafundi wanayaita maji meupe, nayo yanatakiwa kurudi palpa kufanya kazi tena. Mpaka hapo ni jambo jema, na hatuombi kiwanda kifungwe. Vijana wanaokusanya maboksi kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako wanakula kupitia hapo.

Tatizo ni wanga. Nyuzi za boksi hufupika kila zinaposagwa upya, karatasi inalegea, na dawa yake ni kuipaka wanga wa mahindi au wa muhogo ili ikaze. Gundi iliyoshika matabaka ya boksi nayo ni wanga. Boksi likirudi palpa, wanga wote huo unayeyuka kwenye maji. Kadiri maji yanavyozungushwa ndivyo bakteria wanavyoneemeka, wakiugeuza wanga kuwa asidi zenye harufu ya uchachu. Ute unajishika kwenye mabomba, mabonge yake yanaanguka kwenye wavu, karatasi inakatika. Karatasi ikikatika mashine inasimama, na mashine ikisimama msimamizi anatafuta njia ya haraka. Njia ya haraka ni kufungua vali ya chini, kumwaga tangi zima la maji meupe na kuanza na maji mapya. Kumwaga kwenyewe si dhambi kama kuna tangi la akiba la kuyapokea, yakaingizwa kidogokidogo kwenye mtambo wa kusafishia kwa siku mbili au tatu. Yakienda yote kwa mkupuo, mtambo unazidiwa na yanapita kama yalivyoingia. Rangi ya uji, harufu ya uchachu, nyuzi kwenye matete, saa kumi alfajiri ya Jumamosi: sisi tunasoma hapo tangi lililomwagwa usiku wa Ijumaa. Kama tumekosea, daftari la zamu litatuumbua. Lifunguliwe.

Kuna na lile la umeme. Bakteria wanaosafisha majitaka wanahitaji hewa, oksijeni ya kama miligramu 2 kwa kila lita ya maji ya bwawa lao. Umeme ukikatika, jenereta linapelekwa kwanza kwenye mashine ya karatasi. Vipulizia hewa vinangoja. Saa moja si neno. Saa sita ni msiba: bwawa linageuka jeusi na linanuka yai viza. Umeme hukatika, hilo si siri ya mtu, na kiwanda kinachojua hivyo halafu kikakosa jenereta la vipulizia kimeamua chenyewe nani anywe hasara.

Tena wale bakteria wanahitaji chakula kamili, kama mahindi. Wanga hauna naitrojeni wala fosforasi ya maana. Kanuni ya kazi hii ni kwamba kila sehemu 100 za BOD, yaani uchafu unaoliwa na bakteria, ziende na sehemu 5 za naitrojeni na sehemu 1 ya fosforasi. Tuiweke kwa lugha ya duka la pembejeo: mzigo wa kilo 1,000 za BOD kwa siku unahitaji mfuko mmoja wa DAP na karibu mifuko miwili ya UREA, kila siku, Jumapili ikiwemo. Mkulima yeyote wa huku akisikia hivyo anajua mara moja mahali ambapo mtu angebania. Ukibania, wanatawala bakteria wa namna ya nyuzinyuzi, na tope lao haliketi. Huhitaji maabara kuligundua. Chota lita moja ya maji ya bwawa la hewa, mimina kwenye silinda ya kioo, iache dakika 30. Tope likiwa bado limejaa juu ya nusu ya silinda, ujue linaelekea kutoka nje na maji.

Wenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, ndio wanaopokea matokeo. Kiangazi hiki wanamwagilia kwa keni, maji yaleyale. Nyuzi zinatanda juu ya tuta na kufanya ganda, maji ya keni ya pili hayazami. Baadaye zinaanza kuoza, na vijidudu vinavyoziozesha vinanyonya naitrojeni ya udongo, kwa hiyo mboga inageuka njano hata kama iliwekewa samadi. Watu wanadhani ni sumu. Ni njaa, Mheshimiwa. Mchicha unanyang'anywa chakula na boksi.

Sasa tufike panapouma zaidi. Siku ya ziara ulisomewa kwamba COD ya majitaka ni 58, chini ya kikomo cha 60, na watu wakapiga makofi. COD ni kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuumaliza uchafu kwa kemikali, na kikomo cha miligramu 60 kwa lita kimo katika kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, pamoja na BOD ya 30, chembe zinazoelea 100, na pH, yaani kipimo cha uasidi, kati ya 6.5 na 8.5. Hatugombani na kanuni. Tunauliza tu: 58 katika maji kiasi gani?

Chukua kiwanda kinachotoa mita za ujazo 10 za majitaka kwa kila tani ya karatasi, COD ikiwa 180. Zidisha, unapata kilo 1.8 kwa tani, na kiwanda kimezidi kikomo mara tatu. Fundi afungue koki ya maji safi kutoka mtoni, aongeze mita 20 kwenye mfereji wa kutokea. Sasa ni mita 30, COD imeshuka hadi 60, kiwanda kimefaulu na cheti kinatundikwa mapokezi. Mto umepokea kilo zilezile 1.8, na juu yake umenyang'anywa mita 20 za maji katika mwezi ambao watu wanagombana kwa zamu ya kumwagilia. Kuongeza maji ni kumdanganya mpimaji, samaki hadanganyiki. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, katika uamuzi wake wa Septemba 2014 kuhusu viwanda vya karatasi, unavipima viwanda vya maboksi chakavu visivyoondoa wino kwa kilo kwa tani: COD kati ya 0.4 na 1.4, na majitaka kati ya mita za ujazo 1.5 na 10. Huwezi kuipunguza kilo kwa kufungua koki.

Hatusemi kwamba ndivyo inavyofanyika hapa. Tunasema tu kuwa kuna bomba la inchi sita linaloingia mferejini baada ya tangi la mwisho, na tumejitahidi sana kulifikiria kazi nyingine tukashindwa.

Kuhusu moshi na kuni za boila tutakuwa wafupi. Karatasi ikitoka kwenye rola za kukamulia ikiwa kavu zaidi kwa asilimia moja tu, mvuke wa kukaushia unapungua kwa karibu asilimia nne. Blanketi za rola zilizochakaa zinaunguza mabanzi kuliko uzembe wa mchoma kuni yeyote. Zibadilishwe.

Na miti. Tulishukuru kwa hotuba ya uwajibikaji na kwa miche uliyopanda ukiwa na menejimenti, koleo jipya na kofia nyeupe. Ila kiwanda kinachokula maboksi hakikati msindano hata mmoja wa kutengenezea karatasi, kwa hiyo kupanda miti si kulipa deni lake. Deni lake liko kwenye maji. Tena miche yenyewe ni milingoti, yaani mikaratusi, imepandwa hatua chache tu kutoka ukingoni, ndani ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Bibi yeyote wa huku angekwambia mlingoti unafanya nini kwenye chanzo cha maji. Inakua vizuri, tunakuhakikishia. Inakunywa.

Siku hiyo pia uliahidi siku 90. Hatukumbuki siku 90 za nini hasa, maana kipaza sauti kilikuwa kinakatika, lakini zimepita, kisha zimepita tena.

Kwa hiyo ombi letu ni moja, na tumelipunguza kadiri inavyowezekana ili lisihitaji bajeti, kamati wala semina. Tunaomba namba tatu ziandikwe kila siku kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: tani za karatasi zilizotengenezwa jana, mita za ujazo za majitaka yaliyotoka jana, na kilo za COD zilizokuwemo.

Mita ya kisasa ikisemwa ni ghali, kibao cha chuma kinatosha. Kikatwe V ya nyuzi 90, kisimamishwe wima mferejini, chini ya lile bomba la inchi sita, yaani maji yakishalipita (chini yake, Mheshimiwa, si juu yake peke yake), na kibao kingine cha pili kiwekwe kabla maji hayajafika kwenye bomba hilo, ili tofauti ionekane. Maji yakipita sentimita 10 juu ya ncha ya V, ni lita 4.4 kwa sekunde. Yakifika sentimita 20, ni lita 24.7, karibu mita za ujazo 89 kwa saa. Rula isimamishwe nyuma ya kibao, upande maji yanakotoka, kwa umbali usiopungua mara nne ya kimo hicho, kwa sababu karibu na V maji yameshaanza kuinama na yatakudanganya kwa faida ya kiwanda. Fundi wa kuchomelea anakimaliza kibao hicho kwa siku moja.

Sampuli nazo zichotwe kila saa kwa saa 24, zichanganywe kwa kufuata wingi wa maji ya kila saa, zikae kwenye barafu hadi maabara. Kipimo cha COD chenyewe ni saa mbili kwenye joto la nyuzi 150. Chupa moja inayochotwa saa nne asubuhi, siku ambayo kiwanda kilipigiwa simu wiki nzima kabla, inapima ukarimu wa wenyeji wako tu.

Tutaambiwa tani za karatasi ni siri ya biashara. Watoto wanaouza karanga getini wanahesabu malori yanayotoka na wanajua kila moja linabeba tani ngapi. Wanaofichwa ni sisi tunaokunywa. Sheria hiyo ya 2004 inampa kila anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Hatuombi hisani, ingawa tunaendelea kupiga magoti kwa mazoea.

Namba tatu. Kama kiwanda ni kisafi kama kilivyosomwa, zitakipamba kuliko miche. Kama si kisafi, utajua siku hiyohiyo kabla povu halijafika darajani. Ubao tumeshaupaka rangi nyeusi na kuchora mistari mitatu, uko kwenye baraza la ofisi ya kijiji usinyeshewe, na chaki iko kwa mtendaji.

Wako watiifu, kwa sasa,

Baadhi ya mafundi wa karatasi na wa maji,
Nyanda za Juu Kusini.