Bahari upande wa mjini

Mombasa, Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Salamu zako zimefika, na ile kanzu imemkaa mtoto vizuri. Waniuliza mabamba yangu ya shaba ya kuchapia picha yamefikia wapi. Nicheke au nilie?

La kwanza niliharibu. Nilipaka nta, nikakaa siku tatu na sindano nachora kuta za Ngome ya Yesu. Nikalitia kwenye tindikali, ikala kila nilipokwaruza, nikasugua wino, nikalipitisha na karatasi kwenye mashine ya shinikizo. Kubandua karatasi, bahari iko upande wa mjini! Picha hutoka kinyume kama ya kwenye kioo, na hilo nalijua miaka yote. Jirani akaniuliza Ngome imehamishwa lini.

La pili ndilo laninyima usingizi. Nataka kuwachora waliofungiwa ndani Waomani walipoizingira, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa nao. Maradhi yaliwamaliza kuliko mizinga. Mjomba aniambia nitie rangi, watalii wanunue. Rangi itapendeza, shoga, na mimi sitaki ipendeze.

Mwangalie mchoraji Jacques Callot wa Lorraine: mwaka 1633 alichora mti uliozaa watu walionyongwa. Picha yenyewe upana wake shubiri tu. Lazima uinamie, na ukishatambua kinachoning'inia, pua yako iko palepale. Goya naye, mchoraji wa Hispania, baina ya 1810 na 1820, alichora mabamba 82 ya vita na njaa. Chini ya moja akaandika, "Nimeliona hili." Hakuyatoa uhai wake, alikufa 1828, themanini kati yake yakachapwa 1863.

Mimi sikuona kitu, siwezi kuandika hivyo. Basi nimemchora mwanamke mmoja tu, ameketi kando ya birika la kuhifadhia maji, kata mkononi, haina maji. Uso niliutoa tindikalini mapema nikaufunika vanishi tindikali isiule zaidi, ubaki hafifu. Mikono nikairudisha tindikalini, mara mbili, mpaka mistari ikawa na kina cha kushika ukucha. Sasa ukiitazama karatasi waanza na mikono, uso wauona baadaye sana.

Ukija Idi niletee leso kuukuu, zilizofuliwa hadi zikalainika, za kufutia wino. Mpya zaukomba wote mistarini, na yule mwanamke ananipotea.

Wako,
Mwanamisi