Kabla ya ghala, turubai

Kibaigwa, Kongwa
Juni

Shoga yangu mpendwa,

Mbukwa! Barua yako niliipata Jumamosi, nikaisoma nimekaa juu ya magunia sokoni, nikairudia tena usiku watoto walipolala. Nimefurahi mno kusikia umepata kazi kwenye huo mradi wa usalama wa chakula, wa kupambana na sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga. Umeniuliza swali moja tu: fedha za wafadhili zikishuka huku kwetu, zianzie wapi? Nimelibeba swali hilo wiki nzima. Nakujibu kama mtu anayenunua na kuuza mahindi na karanga, na kama mama.

Unaukumbuka mwaka 2016. Ulikuwa umeshahamia Dar, lakini habari zilikufikia. Kuanzia katikati ya mwaka watu wakaanza kuugua, huku kwetu Dodoma na kule Manyara: macho ya njano, matumbo yanajaa maji, watoto wanatapika mpaka wanalegea. Huku sokoni wengine walinong'ona habari za kulogwa. Zaidi ya watu 60 waliugua, karibu 20 wakafariki, na wengi wao walikuwa watoto. Ilipokuja kujulikana kuwa ni sumukuvu, kilichoniuma zaidi ni kwamba mengi ya mahindi yale yalilimwa na haohao walioyala. Yalitoka shambani yakaingia ndani, yakaenda mashine, yakawa ugali. Hayakupita sokoni wala mpakani, na hakuna mkaguzi ambaye angeyakuta njiani. Basi kila ninaposikia mradi unaanza kwa kujenga maabara mjini, nawafikiria wale watoto.

Hii sumu ni ya kuogopwa kwa sababu haionekani. Unaweza kuona kuvu la kijani juu ya punje ukaitupa, lakini punje nyingine inayong'aa ikawa nayo. Ukipika haifi. Ukila kidogokidogo kwa miaka inaharibu ini, na mwenye virusi vya homa ya ini B anakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani. Wanaosaga dona inabidi waangalie zaidi, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, vile ambavyo ukikoboa vinatoka na pumba. Halafu pumba tunampa ng'ombe, na sumu inarudi kwetu kwenye maziwa.

Sasa nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita ulikuja mradi mmoja kijiji cha jirani, jina naliacha. Walileta mashine nzuri ya kupimia sumukuvu, wakafunga semina kwa pilau na fulana. Vile vifaa vya kupimia vilikuwa vinaagizwa nje, kila kipimo kimoja kinatumika mara moja tu. Msimu wa kwanza vilikuwepo. Msimu wa pili viliisha, na aliyekuwa anajua kuagiza alishaondoka na gari la mradi. Mashine ipo mpaka leo, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa, kama redio ya marehemu.

Kisha akaja afisa ugani mmoja, binti mdogo tu, na chupa ya soda na chumvi. Alitukusanya chini ya mbuyu. Alitia punje za mahindi kwenye chupa kavu, akaongeza chumvi kavu, akatikisa, akaacha itulie. Chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa. "Mama, haya bado yana maji, ukiyafunga kwenye gunia leo unafuga kuvu." Akachukua mengine yaliyokaushwa siku kadhaa juu ya turubai, akatikisa, chumvi ikashuka yote chini. Hakuna mwanamke aliyehitaji kuelezwa mara ya pili. Wiki hiyohiyo kikundi chetu cha kuweka na kukopa, VICOBA, kilikopesha wanachama fedha za maturubai, kwa sababu siku zote tulikuwa tunaanika juu ya udongo mtupu, na kuvu hilo makazi yake ni udongo. Maturubai yale tunayaazimana mpaka leo. Yule binti alikuwa anatumia pikipiki isiyo na mafuta nusu ya mwezi. Shoga, andika hilo kwenye bajeti yenu, mafuta ya pikipiki ya afisa ugani, tena kwa miaka ambayo ninyi hamtakuwepo.

Usije ukadhani nazidharau maabara. Machi 2021 Kenya ilipopiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, nilikuwa na mzigo. Wanunuzi wa Namanga, pale mpakani, walizima simu. Siku chache baadaye mpaka ukafunguliwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sharti ni halali kabisa, Wakenya nao wana makaburi yao. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Lakini cheti hicho mchuuzi wa gunia ishirini anakipata wapi? Hapo ndipo maabara ya serikali inapokuwa msaada wa kweli, ikiwa karibu, ikiwa na bei ya kueleweka, na ikiwa serikali yenyewe itanunua vifaa mfadhili akishaondoka. Mradi wa serikali wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, uliopata fedha kupitia Benki ya Maendeleo ya Afrika, umegusa mambo mengi kwa pamoja, maabara na maghala na elimu. Ipo pia Aflasafe, zile punje za mtama zilizopakwa kuvu la humuhumu nchini lisilo na sumu. Unazitawanya shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajachanua, lile kuvu jema linawahi nafasi na kulisukuma lenye sumu. Ila mkulima lazima azipate kabla ya wakati huo. Zikifika maua yameshatoka, ni hela iliyotupwa.

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kwa miaka mingi karanga nzuri nilikuwa nazipeleka sokoni, na zile zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye madoa, nabaki nazo. Nikizitwanga natia kwenye uji wa wanangu. Nilijiona mama mwenye akili, situpi kitu. Na si mimi peke yangu, hapa ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo mtu akija kutufundisha kuchambua, namuuliza: yale mabovu niyapeleke wapi? Yana thamani ya nusu debe la unga. Mkituambia tuyatupe bila mnunuzi kutuongezea hata shilingi kwa yale safi, mabovu yatarudi chunguni kwa mwenye shida zaidi. Hapa sokoni leo karanga iliyochambuliwa na isiyochambuliwa zinapimwa kwa debe moja na bei moja. Kama wafadhili wenu wana nguvu popote, waiweke hapo, kwa mnunuzi mkubwa akubali kulipa zaidi kwa mzigo safi.

Unazikumbuka hadithi za babu zetu, walivyofanya kibarua kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza hapa Kongwa? Walianza 1947 na matrekta mengi ajabu, 1951 wakaacha. Babu yangu alisema udongo huu ukikaukiwa na mvua unakuwa sakafu, na karanga haing'oki kwenye sakafu. Wagogo walilijua hilo. Nakuomba mkifika, kabla hamjachora chochote, mwulizeni mama mmoja anaanika wapi mahindi yake mvua ya mwisho ikimkuta.

Nimekuwekea debe la karanga, nimezichambua mwenyewe moja moja. Ukizipokea usizifunge kwenye nailoni, ziache kwenye kiroba mahali pakavu. Na ukipanga safari ya kuja, usije wiki ya semina. Njoo wiki ya kuvuna, utalala kwangu, alfajiri tutatandika turubai pamoja.

Wasalimie watoto na shemeji.

Ni mimi shoga yako.