Gofu ya katuni siyo gemu ya watoto

Mhariri habari za kazi, poleni na majukumu. Mimi huwa nasoma ukurasa wenu wa burudani kimya kimya tu, ila safari hii nimeshindwa kuvumilia. Ile makala ya gemu za michezo mmejaza soka juu mpaka chini halafu gofu mkaipa kamstari kamoja, eti hizi za katuni ni za kuwachangamshia watoto wakati wakubwa wanasubiri zamu yao. Jamani! Hivi aliyeandika alishawahi kushika pedi akacheza hata mashimo tisa?

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1984 Nintendo walitoa gemu inaitwa Golf, basi, jina ndo hilo hilo, ya ile mashine yao ya Famicom, na aliyeiandika programu yake ni Satoru Iwata, wakati huo kijana tu wa kampuni ya HAL, baadae 2002 ndo akaja kuwa rais wa Nintendo nzima. Mashimo yote 18 aliyabana kwenye kaseti ambayo picha moja mnayotumiana WhatsApp leo haiingii humo. Na humo humo ndo kuna ule mtindo ambao gemu kibao za gofu zimekuja kuufuata, wa kubonyeza mara tatu. Ukibonyeza ya kwanza mstari kwenye kioo unaanza kutembea, ya pili unakamata nguvu unayoitaka, halafu mstari unarudi na hapo sasa ndo roho inaruka, inabidi ubonyeze ya tatu pale pale kwenye alama, ukiwahi kidogo mpira unapinda huku, ukichelewa unapinda kule, unaishia mchangani au majini. Hicho ndo kitu cha watoto mnachosema? Mi nimeona watu wazima na kazi zao wanagombana kwa ajili ya hiyo bonyeza ya tatu.

Na wala haikufa. Wii Sports ya 2006, gemu ya Nintendo hao hao, ile iliyouza zaidi ya nakala milioni 80, mashimo yake ya gofu yametolewa kwenye hiyo hiyo kazi ya 1984. Halafu Iwata alifariki tarehe 11 Julai 2015, na 2017 watu wakaja kugundua kwamba ndani ya Switch, mashine mpya ya Nintendo wakati huo, gemu yake hiyo ya Golf ilikuwa imefichwa, haikuwa inafunguka mpaka saa ya mashine iseme ni tarehe 11 Julai na wewe ufanye kwa mikono ile ishara aliyokuwa akiifanya mwenyewe akiongea na wapenzi wa gemu kwenye video. Kampuni kubwa kama ile, kumkumbuka bosi wao inaonekana wakachagua gofu. Nyie mmeipa mstari mmoja.

Sasa hizo za katuni zenyewe. 1997 Camelot, kampuni ya Wajapani ya kina Takahashi, wale ndugu wawili, walitengeneza Minna no Golf ya PlayStation, vichwa vikubwa, miguu mifupi, sura za kuchekesha, Wamarekani wakaiita Hot Shots Golf. Miaka miwili mbele Camelot hao hao wako Nintendo na Mario Golf ya mashine yao ya N64, na ile ya PlayStation ikaendelezwa na kampuni nyingine, Clap Hanz. Katuni iko kwenye sura tu bana. Chini yake kuna upepo unaopimwa kwa namba, kuna mteremko kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo, kuna nyasi ndefu zinazokula nguvu ya mkwaju, kuna mvua. Anayepiga mbali sana kumwongoza ni shughuli, anayepiga karibu ananyooka, kwahiyo kuchagua mchezaji tu ni hesabu. Na kwenye ya N64 unaanza na wachezaji wanne, Mario hayumo! Gemu ina jina lake lakini inabidi umshinde kwanza ndo umpate.

Huku kwetu gofu halisi watu wanaijua kwa majina ya viwanja vya Gymkhana na Lugalo, ukiuliza bei ya seti ya fimbo unashukuru unaondoka zako. Shangazi yangu mmoja gofu alikuwa anaiona kwenye taarifa ya habari tu, siku moja akakaa na watoto sebuleni wakampa pedi, ikafika shimo lenye maji mbele na upepo unakuja usoni, watoto wote wanamwambia shangazi piga nguvu zote, yeye akakataa, akabadilisha fimbo akapiga fupi akatua kabla ya maji, mkwaju wa pili yuko kwenye grini. Watoto wote wawili mipira yao ilizama. Hakuna aliyemfundisha, upepo aliuona kwenye kioo.

Sisemi zote ni nzuri. Mario Golf: Super Rush ya 2021 mi iliniboa kidogo, wameleta mtindo wa kupiga wote kwa pamoja halafu mnakimbia kila mtu kuufuata mpira wake, sawa kwa kelele za kikao ni raha, ila ile bonyeza ya tatu wameitoa na kwangu hapo wameondoa chumvi yote. Hilo ndo mngeandika, tungebishana vizuri tu.

Kwahiyo ombi langu rudieni hiyo makala. Ya N64 ipo kwenye Switch tangu Aprili 2022 kwa waliolipia kifurushi cha juu cha mtandaoni cha Nintendo, na Everybody's Golf mpya, ndo ile ile Minna no Golf kwa jina lingine, imetoka 2025, ipo ya PS5 pia. Ila mwandishi wenu mpeni hiyo ya N64, na asiandike chochote mpaka amfungue Mario.

Msomaji wenu,
Kijitonyama, Dar es Salaam