Waliokaa Benchi la Nyuma: Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaotengeneza Filamu za YouTube

Wanangu,

Salaam nyingi kutoka Mbagala. Mwezi uliopita mjukuu wangu alinionyesha ile tamthilia yenu ya binti muuza maandazi. Niliitazama kwenye simu yake, sehemu 11 kwa usiku mbili, na sitawaficha, ilinigusa. Yule mama anayehesabu chenji gizani kwa kupapasa sarafu, hawashi taa ili watoto wasiamke! Aliyeandika pale anawajua watu.

Kisha ikaja sehemu ya 12. Binti tuliyemzika sehemu ya 10, tukamlilia, amerudi. Eti aliyezikwa ni pacha wake, na habari za pacha hatukuwahi kuzisikia hata siku moja. Nikamuuliza mjukuu imekuwaje. Akashuka chini ya video, akaanza kunisomea maoni: "Mrudisheni." "Bila yeye siangalii tena." "Jamani mmetuua." Yalikuwa mamia. Hapo nikaelewa kwamba mliogopa.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Sikuja kuwagombeza. Nimekaa na watazamaji tangu 1989, nilipofungua banda la video lenye deki moja, televisheni ya inchi 21, jenereta na mabenchi niliyoyapigilia misumari mwenyewe. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake, zilianza 1994. Mtu akitaka kuona picha alikwenda sinema mjini akiwa na nauli, au alikuja kwetu.

Nasikia mkisema intaneti ndiyo iliyompa mtazamaji sauti. Huku kwetu mtazamaji hajawahi kunyamaza. Bandani walikuwa wakimwonya steringi: "Geuka nyuma, anakuja!" Adui akipigwa, mabenchi yalitikisika. Na mbele alikaa mfasiri na maiki yake, anaigeuza Kihongkong na Kiingereza kuwa Kiswahili cha Temeke, anaongeza chumvi, anawatania watu wa mtaani kwa majina. Mliozaliwa juzi muulizeni mtu mzima habari za Lufufu, yaani Derek Mukandala. Watu walikuja kumsikiliza yeye kama walivyokuja kuiona picha. Kampala nako wana mavijei wao, kazi ileile. Kwa hiyo mtazamaji wa kwetu alikuwa mshiriki kabla simu haijajua kuonyesha picha.

Lililobadilika ni kwamba zamani kelele ziliishia pale pale. Mkanda ulikuwa umeshatengenezwa mbali, hakuna wa kuubadilisha. Leo kelele zinaandikwa, zinabaki, zinahesabiwa, na zinawafikia nyinyi mkiwa bado mnapiga picha za sehemu inayofuata. Hakuna mtengeneza filamu wa rika langu aliyewahi kukaa na watazamaji wake karibu hivyo. Ni neema kubwa, msiitupe. Lakini kuna jambo nililojifunza bandani ambalo simu haiwaonyeshi kirahisi.

Waliokuwa wakipiga kelele kwangu ni benchi la mbele. Vijana kumi, kumi na tano, walewale kila siku. Waliijua kila picha, na walinipangia ratiba: leo ngumi, kesho ngumi, Ijumaa ngumi mbili. Nyuma walikaa wengine. Fundi cherehani akitoka kazini. Mlinzi kabla hajaingia lindo. Akina mama wauza samaki wakishamaliza biashara. Hawa hawakusema neno. Wakipenda walirudi kesho, wasipopenda benchi lilibaki tupu, na hakuna aliyekuja kuniambia kwa nini.

Siku moja niliweka picha ya Kihindi. Ikafika wimbo wa mama anayeagana na mwanawe stesheni, benchi la mbele wakaanza kuzomea, wanataka ngumi. Mkono wangu ulishafika kwenye kitufe cha kupeleka mbele. Nikageuka nyuma bila kukusudia. Mama mmoja amepakata beseni lake tupu, amelishika kwa mikono miwili, machozi yanateremka mpaka kidevuni na hayafuti, maana mikono ina shombo la samaki. Sikubonyeza. Wiki iliyofuata niliirudia picha ile, na nililazimika kuazima mabenchi ya msikitini.

Tangu siku ile nilianza kusimama pembeni ya pazia, mgongo kwenye televisheni, nikiwatazama watu. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu.

Maoni mnayoyasoma chini ya video ni benchi la mbele. Ni watu wa kweli, wanawapenda, na ndio wanaowasambazia kazi. Lakini si ukumbi wote.

Wakubwa wenye pesa nao wamelikosea hili. Huko Marekani ilikuwapo filamu ya nyoka ndani ya ndege, Snakes on a Plane. Kabla haijatoka watu wa mtandaoni waliipenda kwa jina lake tu. Wakaitungia nyimbo, wakaichorea mabango, wakatengeneza vipande vyao vya kuigiza. Studio ikasisimka, ikawarudisha watu kupiga picha siku 5 zaidi, ikaongeza damu na matusi, na sentensi waliyoibuni mashabiki wakaitia mdomoni mwa Samuel L. Jackson. Ikatoka Agosti 2006. Siku zake za mwanzo iliingiza kama dola milioni 15, chini ya walivyotarajia baada ya kelele zote zile. Kwa maoni yangu waliopiga kelele walikuwa wameshashiba. Raha yao ilikuwa kutunga nyimbo na mabango, wakaimalizia hukohuko. Kulipa kiingilio ni shughuli nyingine.

Sasa msije mkanielewa kwamba nasema fungeni masikio. Aprili 30, 2019 ilitoka trela ya Sonic, yule kalunguyeye wa bluu wa michezo ya kompyuta. Walikuwa wamemtengeneza na meno kama ya binadamu na macho madogo, na watu wakachukia dunia nzima. Baada ya siku chache tu mwongozaji, Jeff Fowler, akaahidi kwamba atachorwa upya. Filamu ikasogezwa kutoka Novemba hadi Februari 2020, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 300. Pale walifanya vizuri kusikiliza. Watazamaji walisema juu ya kitu walichokiona kwa macho yao, sura ya mhusika waliyemjua tangu 1991. Hawakudai hadithi ipinduliwe. Mtu akiwaambia sauti yenu inakwaruza, maneno hayasikiki, taa zinamfanya mwigizaji awe kama mgonjwa, msikilizeni na mmshukuru. Akiwaambia nani afe na nani aolewe, msomeni kwa upendo na mwendelee na kazi.

Na mkumbuke anayelipia marekebisho. Tawi la Vancouver la kampuni ya michoro iliyoifanya kazi ile ya kumchora Sonic upya lilifungwa Desemba 2019, filamu haijafika hata sinema. Sisemi kwamba maoni ndiyo yaliyolifunga. Nasema waliochora usiku na mchana, wengi hawakuwapo ofisini siku ya sherehe. Kwenu ninyi huyo ni yule kijana mhariri. Nimeambiwa pacha alizaliwa kwa siku 3, na kijana hakulala.

Mfano ninaoupenda hauko mbali. Pale Wakaliga, Kampala, yuko Isaac Nabwana, aliyefyatua matofali ili apate pesa za kuanzia filamu. Mwaka 2010 alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa pesa ambayo kwa maelezo yake haikufika dola 200. Bunduki za vyuma chakavu, helikopta ya kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe. Trela akaiweka YouTube. Ikazunguka dunia, mpaka mwaka uliofuata mtu wa filamu wa New York, Alan Hofmanis, akapanda ndege kwenda kuwatafuta, na akahamia hukohuko. Mwaka 2015 waliomba mchango mtandaoni wa dola 160 kwa ajili ya filamu nyingine, watu wakachanga zaidi ya dola 13,000.

Hayo mnayajua pengine. Linalonivuta mimi ni vitu viwili. Filamu ile ilipowekwa mtandaoni yote, iliwekwa pamoja na sauti ya vijei wake, VJ Emmie, anashangilia na kutania juu ya picha kama afanyavyo kibandani. Hawakumwondoa ili wageni wasishangae. Na kabla wageni hawajafika, waigizaji wenyewe walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuuza diski. Fikirini hapo. Mwigizaji amesimama mlangoni, anamwona uso kwa uso mtu anayetoa pesa yake mfukoni au anayefunga mlango. Walijua wanamtengenezea nani.

Nyinyi mlango huo mmeukosa, lakini mnacho kingine, na nimekiona. Mmoja wenu, sitamtaja, alikuja nyumbani nikamwomba anifungulie vile vyumba vya ndani vya chaneli. Akanionyesha mchoro wa mstari unaosema watu wamebaki mpaka dakika ya ngapi. Wanangu, nilitetemeka. Ni lile pazia langu! Ni benchi la nyuma limechorwa!

Tulifungua sehemu ya 10, mazishi. Mstari unakwenda sawa kama maji ya mtungini, na pale mama anapoikunja khanga ya marehemu unapanda, maana watu wanarudisha nyuma waione tena. Tukafungua ya 12. Chini, maoni yanashangilia, vigelegele, mioyo, "asanteni kwa kutusikia". Juu, dakika ile ile pacha anapotajwa, mstari unateremka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Waliopata walichokitaka wameandika. Waliosalitiwa wametoka kimya, na hakuna hata mmoja aliyeaga.

Kijana wenu aliniambia hamjawahi kuuangalia mchoro ule kwa pamoja, mnaangalia idadi ya waliotazama na maoni tu. Uangalieni. Ila nao usomeni kwa akili. Mstari ukikatika dakika ya 25 ya sehemu yenye dakika 40, huenda hadithi haina kosa, bando limekwisha. Mama wa Tandale ananunua bando la siku, na ninyi mnaanza na dakika 4 za muhtasari na wimbo. Kata hizo, mwachieni pesa yake. Kuna na wale walioko Muscat na Dubai, mabinti wa kazi za ndani, wanaotazama saa sita usiku chini ya shuka wakishamaliza vyombo. Matangazo ya nchi zile hulipa zaidi kuliko ya hapa, kwa hiyo hao wanawachangia sana kuliko mnavyodhani, na kuandika hawaandiki, wamechoka.

Jambo jingine, la waigizaji wenu. Yule kijana anayecheza mjomba mkatili, nasikia anatukanwa mpaka kwenye ukurasa wake, na dada yake pia. Mwigizaji wa Marekani, Kelly Marie Tran, alicheza filamu ya Star Wars mwaka 2017, na 2018 akafuta picha zake zote Instagram kwa matusi aliyopata. Alikuwa na studio kubwa nyuma yake na bado. Huyu wenu ana nini nyuma yake? Futeni matusi kila asubuhi kama mtu anavyofagia uwanja, na andikeni hadharani kwamba mjomba ni kazi, kijana ni mtu. Wekeni zamu, asiachiwe asome mwenyewe.

Na la chaneli: iandikisheni kwa jina la kikundi, karatasi isainiwe na wote. Mwaka 2008 niliuza filamu yangu ya pekee kwa msambazaji mmoja kwa bei ya mkupuo, haki zote, nikasaini bila kusoma ukurasa wa pili. Leo iko YouTube kwenye chaneli ya watu nisiowajua, imetazamwa mara laki kadhaa, na mama aliyecheza mke wangu mle ndani alifariki akidai nauli za kurekodia. Siwezi kumlipa tena.

Kuhusu binti: mlikosea, na hakuna haja ya kutangaza kwamba mlikosea. Lakini sehemu ya 13 bado hamjaitoa. Pacha mnaye tayari. Binti aliyerudi anaweza kuwa ndiye pacha, anayeuza maandazi kwa beseni la marehemu na kuitikia jina lisilo lake kwa sababu mama hawezi kuzika mara ya pili. Mwandishi wenu anaweza kulibeba hilo, nimemwona kwenye zile sarafu.

Jumamosi baada ya Isha njooni kwangu na sehemu hiyo kwenye flashi, hata kama sauti haijakamilika. Nina projekta ya kuazima, shuka jeupe nitalitundika ukutani, mabenchi yangu mawili ya banda bado ni mazima. Nimewaita majirani: fundi, mama ntilie wa kona, wapiga debe wawili, na bibi wa nyumba ya tatu ambaye YouTube haijui. Simu zote tutaziweka kwenye kapu mlangoni. Nyinyi hamtakaa. Nimewapangia nafasi ubavuni, karibu na pazia, migongo yenu ielekee picha.

Mzee wenu wa banda,
Mbagala, Dar es Salaam