Barua kwa binti yangu: kinu kwanza, mashine baadaye

Chang'ombe, Dodoma
Jumatano usiku

Mama,

Marahaba. Picha tatu za mashine za espreso ulizotuma, ukitaka nikuchagulie moja kwa laki tisa ulizoweka, nimeziona. Mama yako naye kaziona, akauliza kama hiyo ya kati ni cherehani. Ule ujumbe wa sauti ulioniomba nimejaribu kuurekodi mara mbili, jogoo wa jirani akanikatiza, na mara ya pili nikasahau nilikoishia. Nimeona bora niandike, kisha mdogo wako aipige picha barua akurushie.

Umepata nyumba yako huko Ihumwa, na kitu cha kwanza unachokiwaza si televisheni, ni kahawa. Babu yako angecheka sana. Alitulea watoto sita kwa birika la shaba pale stesheni ya zamani: treni ya Kigoma ikiingia usiku anagonganisha vikombe, mkaa unawaka chini ya birika, kashata kwenye sinia. Mzani hakuwa nao. Ila alikuwa na masharti mawili hakuyavunja. Kahawa aliitwanga jioni ileile atakayoiuza, na maji ya kuipikia hakuyachota bombani. Hayo mawili ndiyo ninayotaka uyasikie. Mashine kwangu inakuja ya tatu, ingawa wewe umeniletea picha za mashine tu.

Nawe uelewe unanunua nini. Espreso si aina ya kahawa, ni namna ya kuikamua. Maji ya nyuzi joto 90 hadi 96 yanasukumwa yapenye kwenye kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa, kwa mgandamizo wa baa 9 hivi. Tairi la gari dogo ukilijaza sawasawa lina baa 2 na kitu. Unaweka kahawa gramu 18, unapata kinywaji gramu 36 hivi, kwa sekunde 25 hadi 30. Mwitaliano Luigi Bezzera alisajili mashine yake mwaka 1901, lakini yake ilitegemea mvuke na nguvu yake ilikuwa ndogo. Ni Achille Gaggia wa Milano, miaka ya 1940, aliyeleta mkono wa kuvuta wenye springi, na hapo ndipo lile povu la hudhurungi likaanza kukaa juu ya kikombe. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine iitwayo E61 yenye pampu ya umeme. Mambo mengi unayoyaona kwenye mashine za leo yametokea huko.

Kwa hiyo hayo maandishi ya "baa 15" kwenye boksi la mashine ya pili yasikubabaishe. Hizo ni nguvu za pampu ikizibwa mdomo. Ni kama 180 iliyoandikwa kwenye dashibodi ya Vitz.

Sasa kinu. Katika laki tisa zako sijaona hata shilingi ya kinu, na hapo ndipo nilipokuna kichwa. Kile kimashine cha visu unachosagia karanga na pilipili manga hakisagi, kinakatakata. Nusu inatoka vumbi, nusu inatoka chenga. Maji nayo ni mavivu, yanafuata penye njia: yanakimbilia kwenye chenga, kwenye vumbi yanakwama, na kikombe kimoja kinakuja kichungu na kichachu kwa pamoja. Hata uwe na mashine ya mamilioni, haiwezi kurekebisha kilichoharibiwa na visu.

Bibi yako, huyo unayebeba jina lake, alikuwa akisaga uwele juu ya jiwe. Kila mara anachukua unga kidogo, anaupitisha kati ya vidole, anarudia. Hakuwa akiangalia kama ni laini tu. Alitafuta kama umelingana. Kinu cha kahawa cha kweli kinafanya kazi hiyohiyo: kina meno mawili ya chuma yanayotazamana, na wewe unakaza au unalegeza nafasi iliyo katikati. Siku ukipita Majengo ingia kwenye mashine ya nafaka, mtazame kijana anavyokaza mawe kutoka kwenye unga wa mifugo kwenda unga wa ugali. Tofauti ni kwamba espreso inataka hatua ndogo mno. Ukikaza kidogo tu, kahawa iliyotoka kwa sekunde 18 inatoka kwa 27. Vinu vya bei ya chini vinaruka hatua kubwa; unajikuta kahawa ama inamwagika kama bomba lililopasuka, ama haitoki kabisa.

Cha mkono chenye meno ya chuma kinakutosha. Vikombe viwili vya asubuhi utavisaga kwa dakika mbili tatu, na kwa wewe unayekaa ofisini Mtumba siku nzima, hilo ndilo zoezi lako. Wakija wageni sita, wape chai. Chukua na mzani mdogo, kama ule wa masonara, unaosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Bila huo utakuwa unakisia tu kila siku.

Na kahawa yenyewe nunua nzima, yenye tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya kuisha muda haikwambii kitu. Ikitoka kukaangwa iache wiki moja hivi ipumue gesi, kisha uimalize mwezi usipite. Ya Mbinga, ya Mbozi, ya Kilimanjaro, zote ni arabika na zote nzuri, chagua mdomo wako unavyotaka. Robusta ya Kagera, ile aina nyingine ya kahawa, watu wa mjini wanaidharau. Mimi ningechanganya kidogo, inaongeza povu, na kafeini yake inakaribia mara mbili ya arabika. Tangawizi weka kwenye kikombe ukipenda. Mzee mwenzangu hapa mtaani aliichanganya na kahawa ndani ya kichujio, kile kikombe cha matundu kinachoshindiliwa kahawa, nikatumia alasiri nzima kuitoa kwa sindano.

Tuje kwenye maji. Birika letu unalijua, ule ukoko mweupe wa ndani uliokuwa ukiubandua kwa kijiko ukiwa darasa la tatu. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini, visima vya Mzakwe, yamebeba chokaa na chumvi. Ndani ya birika ukoko huo ni kero ya macho tu. Ndani ya mashine ya espreso ni kifo. Niliwahi kufunga mashine kwenye nyumba moja ya wageni, sitaitaja. Nikawaambia maji ya bomba msiweke. Wakaweka. Mwaka haujaisha wakaniita, nikaifungua: kijibomba cha ndani, chenye tundu la kupitisha njiti ya kiberiti, kimeziba kabisa. Lawama zikaja kwangu niliyeifunga, na salio langu hawajanilipa mpaka leo.

Ukichemsha maji na kuyaacha yatulie, chokaa fulani inabaki chini, lakini chumvi haiondoki. Ya mvua nayo, nayajua utayawaza kwa sababu una simtanki mpya, usiyatumie matupu. Hayana madini, kahawa inatoka imepooza, na ziko mashine zenye kipimo cha umeme kinachodhani boila, chungu cha ndani cha kuchemshia maji, ni tupu. Hapa babu yako alinishinda akili: alichanganya ya mvua na ya kisima, akionja. Fanya hivyo, au tumia maji ya chupa yasiyo na ladha ya chumvi. Kila baada ya miezi miwili mitatu isafishe kwa unga wa asidi ya sitriki uliokorogwa mwepesi. Usiuache ulale humo usiku kucha, hasa kama boila ni ya aluminiamu, na suuza mpaka uchachu uishe.

Umeniuliza pia kama mwinuko wa Dodoma unaathiri. Tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage ya shangazi yako kule Tanga yanawahi kuiva kuliko ya mama yako, na wala si ufundi wake kama anavyojisifu. Ndani ya mashine maji yamefungiwa kwa mgandamizo, hilo halikuhusu.

Basi mashine zako. Ya kwanza, ile ya kapsuli, ni safi na haina kazi: unaweka kikopo, unabonyeza. Nespresso walianza kuziuza mwaka 1986 na zimeenea dunia nzima. Lakini umefungwa kamba. Siku ukikosa vikopo, mashine inakuwa pambo, huku kahawa ya Mbinga ipo dukani imekaa. Mimi siitaki, na sitajifanya sina upendeleo.

Ya pili, hiyo ya kung'aa ya baa 15, si mbaya kwa anayeanza. Kichujio chake kina kuta mbili na tundu moja dogo chini, kwa hiyo hata kahawa iliyosagwa ovyo inatoka na povu. Povu hilo ni la kupuliziwa, linaisha kabla hujaketi. Kama ungekuwa huna kinu na hutaki kukinunua kamwe, ningekwambia chukua hiyo. Tatizo langu jingine ni la kifundi: nimezifungua kadhaa za namna hiyo, nyingi zimebanwa kwa vishikizo vya plastiki vinavyokatika ukivigusa, na kichujio chake ni cha kipimo chake peke yake. Kikipotea, umepotea.

Ya tatu ni Gaggia Classic ya mtumba. (Mtu wa Mtumba kununua mtumba, mama yako kacheka peke yake jikoni.) Mashine hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1991 na umbo lake halijabadilika sana. Ina boila moja, pampu moja, swichi tatu. Kichujio ni cha milimita 58, kipimo kilekile cha mashine za migahawani, kwa hiyo mpira, kichujio na kishindilio utavipata au utaagiziwa. Inafungukia bisibisi. Udhaifu wake ni kwamba boila ni moja: ukishakamua kahawa, unasubiri ipande joto ndipo upate mvuke wa maziwa, na baadaye unaipooza tena. Wewe unakunywa nyeusi. Usubiri huo hautakuuma.

Umeme usiuogope. Hata ikivuta wati 1,400 mfululizo kwa robo saa, ni kama theluthi ya uniti moja, na ikishapata moto haivuti hivyo. Ninachoogopa ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Ichomeke kupitia kifaa kama kile cha kulinda friji, kinachoweza kubeba wati hizo, au uzoee kuichomoa kila umeme ukienda. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu usiitumie, itayeyuka. Na usome kibandiko cha chini: kiandikwe volti 220 hadi 240. Kuna mtu aliletewa zawadi kutoka Marekani, ya volti 120, akabadilisha plagi tu. Volti zikikaribia mara mbili, joto la elementi linakaribia mara nne. Iliyonifikia ilikuwa imeshika rangi ya sufuria ya pilau ya harusi.

Hesabu yangu ni hii. Muuzaji anataka laki sita na nusu, kuanzia kwenye tano na nusu mtaelewana. Kinachobaki chote kiwe cha kinu na mzani. Akikataa kabisa kushuka, acha mashine, nunua kinu peke yake, na mimi nitakupa lile birika dogo la Kiitaliano la kupandisha kahawa juu ya gesi. Si espreso, mgandamizo wake haufiki hata baa 2, lakini kwa kahawa iliyosagwa vizuri utalipenda, na mashine zitaendelea kuuzwa.

Jumamosi usilipe kabla sijafika. Nitapanda daladala ya saa mbili, nina testa, tochi na bisibisi zangu. Nataka nione kama waya wa erthi umeungwa, kama mpira wa kichwani, pale kichujio kinapokazwa, umekakamaa, kama kuna alama nyeupe za maji yaliyovuja chini ya boila. Kahawa ya kujaribia njoo nayo wewe, gramu mia moja, isagwe dukani laini kabisa, maana kinu bado hatuna. Na mpigie muuzaji leo hii, umwambie kwa adabu asiiwashe asubuhi hiyo. Nikifika nikaikuta ya moto, nitajua kuna kitu hataki tukione ikiwa baridi.

Baba yako