Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo na Mifugo Zanzibar: samadi ya kuku inatufikia visimani

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kuhusu samadi ya kuku wa mayai. Naileta kwako kabla ya kumfikia mwenzako wa Maji, kwa sababu jambo hili linaanzia bandani.

Unguja hatuna ziwa wala mto mkubwa wa kutegemea. Maji tunayokunywa, yawe ya chemchemi za Mtoni na Bububu, ya visima vya Mamlaka ya Maji (ZAWA) au ya visima tulivyochimba wenyewe majumbani, yote yanatoka ardhini. Mvua ya masika na ya vuli inanyesha, inapenya kwenye jiwe la chokaa, nasi tunaivuta. Jiwe lenyewe limejaa nyufa na mapango. Aliyewahi kushuka pango la Mangapwani ameyaona maji baridi yaliyotuama mle ndani, na ameona jinsi mchanga wa juu ulivyo haba.

Sasa naomba uifuate hesabu ya kuku. Kuku mmoja wa mayai hula kiasi cha gramu 110 za chakula kwa siku, chenye protini ya asilimia 16 au 17. Humo mna karibu gramu 3 za naitrojeni, kirutubisho kile kile kinachokuza mimea. Yai linachukua gramu 1 na ushei. Gramu 2 hivi zinaanguka chini. Kwa mwaka ni gramu 700 kwa kila kuku, na kwa mwenye kuku 1,000 ni kilo 700. Mfuko wa mbolea ya yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Basi banda la kuku 1,000, ambalo siku hizi si ajabu kulikuta nyuma ya nyumba ya mtu wa kawaida, linatoa kila mwaka naitrojeni ya mifuko 30 ya yurea.

Sehemu yake inapotea hewani. Ndiyo ile amonia inayochoma macho ukiingia bandani alfajiri. Sehemu nyingine vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa naitreti, na naitreti udongo hauishiki. Maji yakishuka, inashuka nayo.

Nenda mwezi wa Aprili ukatazame nyuma ya mabanda yetu. Utakuta chungu ya samadi imeegemea ukuta, pale pale maji ya paa yanapomwagikia. Mvua ikikata, chini ya chungu hutoka maji ya rangi ya chai, yanatambaa hatua chache juu ya jiwe, yanafika kwenye ufa, yanapotea. Hatua chache zaidi kuna kisima, na pembeni yake ndoo za majirani. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Mfugaji amelisukuma toroli mpaka alipofika mwisho wa kiwanja chake, na hajawahi kuambiwa aiweke wapi.

Naitreti haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa. Ikizidi, wa kwanza kuumia ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwani damu yake inashindwa kubeba oksijeni na midomo inageuka buluu. Na mama anayechemsha maji kwa kumlinda mwanawe hapati kinga hapa. Moto unaua vijidudu, lakini naitreti inabaki, na maji yakipungua kwa mvuke yanazidi kuwa makali. Jambo hili wahudumu wa afya wa kila shehia wanapaswa kuwaeleza wazazi, tena mapema.

Najua nitajibiwa kwamba vyoo na makaro nayo yanachafua maji. Ni kweli kabisa. Mkoa wa Mjini Magharibi sensa ya 2022 imehesabu watu wanaokaribia 900,000, na makaro yao yamo ardhini humo humo. Lakini kujenga mifumo ya majitaka ni kazi ya miaka mingi na mabilioni. Samadi inataka paa la bati, sakafu ya saruji na kizingiti cha kuzuia maji yasipite. Tusiache dogo linalowezekana mwaka huu kwa kulisubiri kubwa.

Malta ni kisiwa cha chokaa kama sisi, kidogo kuliko Unguja. Nchi nzima imewekwa chini ya sheria ya Ulaya ya mwaka 1991 inayolinda maji dhidi ya naitreti za kilimo, baada ya maji yao ya ardhini kuharibika. Leo zaidi ya nusu ya maji ya mabomba yao wanayachuja kutoka baharini, kwa umeme. Sisi umeme wenyewe unatujia kwa waya kutoka Bara.

Sheria hiyo inaruhusu kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka. Ukitoa theluthi inayopotea hewani, kuku 1,000 wanahitaji karibu ekari 7 za kulimwa, yaani zaidi ya mashamba mawili ya zile eka tatu tatu walizogaiwa wazee wetu baada ya Mapinduzi. Mfugaji wa Fuoni au Kianga atazitoa wapi? Hana. Ila mkulima wa mpunga na mboga anazo, na ananunua yurea iliyovuka bahari. Samadi na shamba vyote viko katika wizara yako, Mheshimiwa. Ndiyo maana nimekuja kwako.

Ninachoomba ni hiki. Mikopo ya ufugaji wanayopewa vijana na akina mama ihesabu ghala la samadi kuwa sehemu ya banda, kama vinavyohesabiwa vizimba na vyombo vya maji. Asilazimishwe mfugaji kwa faini kabla hajasaidiwa saruji. Chakula cha kuku peke yake kinatosha kumtoa jasho. Mabwana shamba wawafundishe wakulima kuichanganya samadi na maranda, pumba au majani makavu mpaka ioze vizuri, kisha waitie kidogo kidogo mmea ukishaota. Leo mtu anamwaga mapolo yote mabichi wiki moja kabla ya masika, na nusu ya fedha yake inazama.

La mwisho: kaeni pamoja wizara yako, ZAWA na ZEMA, mamlaka ya mazingira, mchague visima vilivyo karibu na mabanda, vipimwe naitreti kabla ya masika na baada yake, na majibu yabandikwe kwa sheha ambapo kila mwenye ndoo atayasoma. Masika ijayo isitukute bado tunakisia.

Wako katika ujenzi wa nchi,
Mfugaji wa kuku wa mayai, Unguja